Hesabu ya pumzi moja: kusoma ikolojia, mamalia wa bahari na fiziolojia kwa pamoja

Kwenye mwongozo wa chuo, ikolojia, mamalia wa bahari na fiziolojia ya wanyama huorodheshwa kama kozi tatu zisizojuana. Kila moja ina namba yake, mhadhiri wake na mtihani wake. Wanafunzi nao huzichukua hivyo hivyo: mamalia wa bahari kwanza kwa sababu pomboo anapendeza, ikolojia kwa sababu ni ya lazima, na fiziolojia husukumwa hadi mwaka wa mwisho kwa sababu ina hesabu. Matokeo yake ni mtu anayeweza kutaja majina ya kisayansi ya nyangumi thelathini lakini hawezi kueleza kwa nini idadi aliyoipata kwenye sensa ni nusu ya wanyama waliopo.

Mamalia wa bahari bado anavuta hewa kwa mapafu. Anajaza oksijeni juu, anashuka nayo, anaitumia, anarudi. Anaweza kukaa chini kwa muda gani? Hilo ni swali la fiziolojia. Je, alichokula huko chini kililipa safari? Hilo ni la ikolojia. Na mtu aliyesimama kwenye meli akihesabu huwaona wale tu walio kati ya safari moja na nyingine. Ukianza na akiba ya oksijeni, kozi hizo tatu zinashikana zenyewe. Ndiyo maana ushauri wangu ni kuichukua fiziolojia mapema, pamoja na takwimu, kabla ya kwenda kushika darubini.

Akiba ya oksijeni, hatua kwa hatua

Zoezi linalofaa kuanzia ni sili wa Weddell, anayeishi Antaktika na ambaye amepimwa kuliko karibu mamalia yeyote anayezama. Chukua mnyama wa kilo 400. Oksijeni yake imehifadhiwa sehemu tatu: damu, misuli na mapafu. Kila sehemu ina hesabu yake, na usizichanganye.

Damu kwanza. Sili huyu ana takriban mililita 210 za damu kwa kila kilo ya mwili, yaani lita 84 kwa mnyama wetu. Binadamu ana kama mililita 70 kwa kilo. Hemoglobini yake ni karibu gramu 26 kwa desilita, nasi tuna kama 15. Gramu moja ya hemoglobini hubeba mililita 1.34 za oksijeni, kwa hiyo lita moja ya damu iliyojaa kabisa ina 260 × 1.34, sawa na mililita 348. Hapa ndipo wengi hukimbilia kuzidisha 348 kwa 84 na kwenda nyumbani. Damu haijai yote, wala haiishi yote. Kwa kawaida tunachukulia theluthi moja ni ya ateri na theluthi mbili ni ya vena. Ya ateri huanza ikiwa imejaa asilimia 95 na mnyama huitumia hadi asilimia 20. Chini ya hapo ubongo uko hatarini. Ya vena huanza ikiwa na upungufu wa mililita 50 kwa lita ukilinganisha na ya ateri, na inaweza kutumika hadi sifuri.

Ateri: lita 28 × 348 × 0.75 = lita 7.3. Vena: lita 56 × (331 − 50) = lita 15.7, ambapo 331 ni asilimia 95 ya 348. Jumla ya damu ni lita 23. Ungezidisha kila kitu kwa asilimia 95 ungepata karibu lita 28, kosa la moja ya tano kabla hata hujagusa misuli.

Misuli ina mayoglobini, ndugu ya hemoglobini anayekaa ndani ya seli za misuli na ndiye anayeipa nyama ya sili rangi ile ya karibu nyeusi. Sili wa Weddell ana kama gramu 54 kwa kilo ya misuli. Binadamu hafiki gramu 6. Misuli ni takriban asilimia 35 ya uzito: kilo 140 × 54 × 1.34 = lita 10.1. Angalia kama jedwali unalolitumia limeandika mayoglobini kwa uzito wa misuli mibichi au iliyokaushwa. Misuli ni maji kwa karibu robo tatu, kwa hiyo ukichanganya hivyo viwili namba yako inapotoka mara nne, na haitaonekana ya ajabu mpaka mtu mwingine aikague.

Mapafu ndiyo sehemu ndogo. Sili wa kweli hutoa pumzi kabla ya kuzama, kwa hiyo tumia ujazo wa mapafu wakati wa kuzama, karibu mililita 27 kwa kilo, na oksijeni asilimia 15: lita 10.8 × 0.15 = lita 1.6. Kutoa hewa kabla ya kushuka kunashangaza mara ya kwanza, lakini kuna sababu. Mapafu hukunjamana kwa shinikizo, hewa iliyobaki husukumwa kwenye njia ngumu za hewa ambazo hazibadilishani gesi na damu, na nitrojeni haipati nafasi ya kujipenyeza kwenye damu na mafuta. Usihamishe kanuni hii kwa pomboo bila kufikiri: yeye huzama akiwa na hewa mapafuni, na mchango wa mapafu kwenye akiba yake ni mkubwa zaidi.

Jumla: 23 + 10.1 + 1.6 = lita 34.7, au mililita 87 kwa kilo. Binadamu ana karibu 20.

Sasa gawanya kwa matumizi. Wanafunzi wengi hutumia mlingano wa Kleiber wa 1932, unaokadiria matumizi ya mnyama kutokana na uzito wake, uzito ukipandishwa kwa kipeo cha 0.75, na kupata kama mililita 900 kwa dakika kwa mnyama wa kilo 400. Akiba ingetosha dakika 38. Namba hiyo ni ya mnyama aliyetulia, mwenye tumbo tupu, asiyeogelea. Sili anayezama kwa hiari yake hutumia karibu mililita 4.5 kwa kilo kwa dakika, yaani 1,800 kwa mnyama wetu, mara mbili ya hiyo. 87 ÷ 4.5 ni dakika 19, na inalingana vizuri na kile kilichopimwa kwenye damu: sili wazima wakizidi dakika kama 20, asidi ya laktiki, ile inayotengenezwa misuli ikikosa oksijeni ya kutosha, huanza kupanda baada ya kuibuka.

Kabla ya kufunga daftari, cheza na namba hizo. Kosea mayoglobini kwa asilimia 10: akiba inabadilika kwa lita 1 hivi, na muda kwa chini ya dakika moja. Shusha kiwango cha matumizi kutoka 4.5 hadi 3.5: muda unaruka hadi dakika 25. Kwa hiyo mjadala wote wa maana uko kwenye kiwango cha matumizi, si kwenye maabara ya mayoglobini. Kwenye ripoti, dakika kumi za zoezi hilo zinaonyesha uelewa kuliko kurasa tatu za utangulizi.

Mpaka huo wa dakika 20 una maana gani kwa mnyama? Mwanafiziolojia Per Scholander alichapisha kazi yake kubwa ya kuzama mwaka 1940, kwa wanyama waliofungwa na kuzamishwa kwa lazima. Mapigo ya moyo yalianguka vibaya sana, damu ikazuiwa kwenda misulini na kwenye figo. Miaka ya 1960 mtafiti Gerald Kooyman alibadilisha swali: alimwachia sili wa Weddell azame mwenyewe kupitia tundu kwenye barafu ya McMurdo Sound, huko Antaktika, akiwa amebeba kifaa cha kurekodi kina na muda. Mnyama aliyezamishwa kwa nguvu hajui atatolewa lini, hivyo anabana kila kitu. Aliye huru anajua anakwenda wapi, na mwitikio wake ni wa kiasi, unaobadilika na safari. Mitihani hupenda kuuliza tofauti hii, na jibu la "mapigo hupungua" peke yake halitoshi.

Kuhusu faida, chukua kalamu. Sili akizama dakika 15 na kupumua dakika 4, anakaa chini asilimia 79 ya muda wake. Akizama dakika 45 huhitaji zaidi ya saa moja kusafisha laktiki. Hata ukimhesabia saa moja tu, muda wa chini ni asilimia 43. Ndiyo maana safari zake nyingi sana huwa fupi kuliko mpaka. Uwezo wa kukaa muda mrefu upo, lakini ni wa dharura, au wa kutafuta tundu jingine kwenye barafu.

Kisha kuna wanyama wanaovunja hesabu. Nyangumi wa Cuvier, mwenye mdomo uliochongoka, amerekodiwa kwenye kina cha mita 2,992, na safari moja iliyopimwa mwaka 2017 ilichukua dakika 222. Ukifanya hesabu kama ya hapo juu kwa mnyama huyo, hutafika hata karibu na muda huo. Usiilazimishe. Andika ulichokadiria, andika kilichopimwa, na ueleze ni dhana ipi inayoweza kuwa imekosewa: kiwango cha matumizi, au uvumilivu wa laktiki, au vyote.

Zoezi la beseni

Maabara haitakuletea sili, lakini wewe mwenyewe una mwitikio wa kuzama. Baridi kwenye uso husikika kupitia neva ya trijemina, moyo hupunguzwa kupitia neva ya vagasi. Vifaa ni beseni pana, barafu, kipimajoto, saa, na elektrodi tatu za kifuani zilizounganishwa na kirekodi cha umeme wa moyo. Mkanda wa kifuani wa wanariadha unatosha kama hakuna kirekodi.

Mhusika akae dakika 5, viwiko mezani, kisha rekodi dakika moja ya mapumziko. Hali ni nne, sekunde 30 kila moja: kubana pumzi hewani huku ameinama vilevile; kubana pumzi uso ukiwa kwenye maji ya nyuzi 10 hadi 15; kubana pumzi kwenye maji ya nyuzi 30 hivi; na uso kwenye maji baridi huku akipumua kwa mrija. Kati ya hali na hali, dakika 3 za kupumzika. Mpangilio uamuliwe kwa kura kwa kila mtu, maana mtu wa kwanza kuguswa na maji ya barafu hushtuka, na mshtuko huo usiangukie hali moja kila mara.

Tumia sekunde 15 za mwisho za kila hali. Sekunde za mwanzo mapigo huweza hata kupanda kwa sababu mtu amejisogeza na amevuta pumzi. Maji yafike kwenye paji la uso; anayetumbukiza kidevu na mdomo tu atapata mwitikio dhaifu na kuandika kwamba nadharia imeshindwa.

Mambo mengine yanayoharibu data: kipimo cha kidoleni hupotea katikati ya jaribio kwa sababu mishipa ya vidole imebana, yaani kifaa kinakufa kwa kile kile unachojaribu kupima. Mtu akijaza mapafu hadi pomoni na kujikaza, shinikizo kifuani hubadilisha mapigo lenyewe. Mwambie avute pumzi ya kawaida. Na asiruhusiwe mtu kupumua harakaharaka kabla ya kubana. Hilo huondoa kaboni dioksidi, ambayo ndiyo hutuhimiza kuvuta hewa, na mtu anaweza kuzirai bila onyo. Wenye matatizo ya moyo wasishiriki, kila mshiriki asaini ridhaa, na mmoja wa kikundi awe na kazi moja tu ya kumtazama aliye kwenye beseni.

Kwenye takwimu: watu 20 kwa hali 4 si sampuli 80. Ni watu 20. Linganisha kila mtu na nafsi yake.

Mvuke unaojifanya mnyama

Kupima matumizi ya oksijeni ni kazi rahisi kwenye karatasi. Mnyama anaibuka ndani ya kuba, hewa inavutwa kupita juu yake, nawe unapima oksijeni inayotoka. Matumizi ni mtiririko mara tofauti ya oksijeni. Ikiwa mtiririko ni lita 200 kwa dakika, hewa inayoingia ina asilimia 20.95 na inayotoka 20.35, matumizi ni 200 × 0.006, lita 1.2 kwa dakika. (Mlingano kamili una marekebisho ya kaboni dioksidi, huu wa haraka unatosha kuonyesha tatizo.)

Tatizo ni maji. Hewa iliyojaa mvuke kwa nyuzi 20 ina takriban asilimia 2.3 ya mvuke, na mvuke huo unaisukuma oksijeni pembeni: 20.95 inakuwa 20.47 bila mnyama yeyote kuvuta pumzi. Tofauti ni 0.48, karibu sawa na 0.6 uliyokuwa unaitafuta. Silika jeli inayokausha hewa ikichoka katikati ya kipimo, unaanza kupima unyevu na kuuita umetaboli. Badilisha silika kabla haijageuka rangi yote, ondoa kaboni dioksidi kabla ya kipima oksijeni, sahihisha joto na shinikizo, na rekebisha kifaa kwa hewa ya nje kabla na baada ya kila kipindi. Kifaa kikiteleza kwa asilimia 0.05 tu, umeshapotoka kwa lita 0.1 kwa dakika, asilimia 8 ya jibu lako.

Uvujaji wa kuba hupimwa kwa kuingiza nitrojeni ya kiasi kinachojulikana na kuangalia kama oksijeni inashuka kadiri inavyotakiwa. Isiposhuka hivyo, kuna hewa inayotoroka au kuingia mahali fulani, na kwa kawaida ni pale kingo za kuba zinapokutana na maji yenye mawimbi.

Kuhesabu wasioonekana

Sasa ikolojia. Meli inafuata mistari iliyopangwa kabla, watazamaji wanaandika umbali na pembe ya kila kundi wanaloliona, na umbali wa pembeni kutoka kwenye mstari hupatikana kwa umbali mara saini ya pembe. Kutokana na jinsi wanyama wanavyopungua kadiri unavyokwenda mbali na mstari, unakadiria upana ulioangaliwa kikamilifu, yaani upana faafu.

Tuseme umeona makundi 72 kwenye kilomita 900 za mstari, na upana faafu kila upande ni kilomita 1.2. Msongamano ni 72 ÷ (2 × 1.2 × 900), yaani 0.033 kwa kilomita ya mraba. Katika eneo la kilomita za mraba 10,000 ni makundi 333. Makundi 60 hadi 80 ndicho kiwango cha chini kinachoshauriwa ili mkunjo wa uonekanaji, yaani ule wa jinsi wanavyopungua kwa umbali, ukae vizuri. Ukiwa na 20, programu itakupa jibu vilevile, lakini usiliamini.

Hesabu hiyo inadai kwamba kila mnyama aliye juu ya mstari ameonekana. Kwa mnyama anayezama, dai hilo ni la uongo. Meli inakwenda kilomita 18.5 kwa saa, na unaona vizuri kilomita 4 mbele: kila sehemu ya bahari inabaki machoni pako kwa dakika 13. Mnyama akizama dakika 30 na kukaa juu dakika 2, uwezekano wa kuwa juu angalau mara moja katika dakika hizo ni karibu (2 + 13) ÷ (2 + 30), sawa na 0.47. Gawanya 333 kwa 0.47 na makundi yanakuwa kama 710. Kwa ndege inayopita kila sehemu kwa sekunde 20, uwezekano unashuka hadi 0.07. Pomboo mdogo anayezama dakika 3 ataibuka mara kadhaa mbele ya meli, na marekebisho haya karibu hayamhusu.

Ile dakika 30 imetoka wapi? Imetoka kwenye kifaa kilichobandikwa mgongoni mwa mnyama, na kwenye akiba ya oksijeni inayokuambia kama namba hiyo ina mantiki. Ukibadilisha 30 kuwa 20, makadirio yanashuka hadi karibu 490. Makundi zaidi ya mia mbili ya karatasi hutokea au kutoweka kwa namba moja ya fiziolojia. Hapo ndipo mwanafunzi aliyeikwepa kozi ile hukwama.

Makosa ya mtazamaji yako zaidi kwenye pembe. Kundi lililo kilomita 1.5 kwa pembe ya digrii 3 liko mita 78 pembeni. Mtazamaji mchovu huandika "sifuri". Makundi kumi ya namna hiyo yanarundikana kwenye mstari, mkunjo unachongoka, upana faafu unapungua na msongamano unapanda. Chora histogramu ya pembe kila jioni ya kazi. Ukiona vilele kwenye 0, 5, 10 na 15, zungumza na watazamaji usiku huohuo. Andika pia hali ya bahari kila inapobadilika: kwa pomboo wadogo, kipimo cha Beaufort kikipita 2 macho yanaanza kukosa mengi.

Njia ya pili ni picha. Pomboo hutambulika kwa mipasuko ya ukingo wa nyuma wa pezi la mgongo, nyangumi wa nundu kwa madoa ya chini ya mkia. Awamu ya kwanza umetambua 40, ya pili 35, kati yao 14 ni wale wale. Kwa fomula ya Chapman, inayokadiria jumla kutokana na waliorudi kuonekana: (41 × 36 ÷ 15) − 1, karibu 97. Sasa tuseme mpiga picha alikosa kuwafananisha watatu kwa sababu picha zilikuwa na ukungu. Waliorudi wanakuwa 11, na jibu linapanda hadi 122. Picha tatu zimeongeza wanyama 25 wasiokuwepo. Kwa hiyo panga picha kwa ubora kabla ya kuanza kulinganisha, na ubora huo uhusu mwanga, umakini na pembe ya kamera peke yake. Ukimpandisha daraja mnyama kwa sababu alama zake ni nzuri, umeshapendelea. Mwishoni kumbuka wasio na alama: kama asilimia 65 tu ya mapezi yana alama za kutosha, 97 ni idadi ya wenye alama, na jumla ni karibu 150.

Mezani, na kisu

Kozi ya mamalia wa bahari yenyewe huanza na mafuvu na mifupa, na kuna vitu vichache vinavyolipa kukaririwa. Simba bahari ana masikio ya nje na hugeuza mapezi ya nyuma mbele ili atembee. Sili wa kweli hana masikio ya nje na nchi kavu hujivuta kwa tumbo. Nguva ana mkia uliogawanyika kama wa pomboo, manati ana mkia wa duara, na manati ana pingili 6 za shingo badala ya 7 za mamalia karibu wote. Mifupa ya nguva na manati ni mizito na imejaa. Inawasaidia kutulia chini bila kupambana na maji. Fuvu la nyangumi mwenye meno halina ulinganifu kati ya kushoto na kulia, kwa hiyo usidhani fuvu lako limevunjika.

Kwenye uchunguzi wa mzoga, kosa la kwanza huwa la futi kamba. Urefu hupimwa kwa mstari ulionyooka sambamba na mwili, kutoka ncha ya taya la juu hadi kwenye mfuo wa mkia. Ukilaza futi juu ya mgongo umefuata mviringo na urefu umezidi. Kadiria hali ya mzoga kabla ya kukata: namba 1 ni hai, 2 amekufa karibuni, 3 ameanza kuoza, 4 ameoza sana, 5 ni ngozi kavu na mifupa. Namba hiyo inaamua nini kinafaa kuchukuliwa. Kwa darubini ya seli, vipande vya mzoga wa namba 4 ni kupoteza formalini, dawa ya kuhifadhi tishu. Vipande visizidi unene wa sentimita 1, na formalini ya asilimia 10 iwe mara kumi ya ujazo wa tishu. Kipande kinene huoza katikati huku nje kimekakamaa. Sampuli ya ngozi kwa ajili ya DNA iende kwenye ethanoli, kamwe isipite kwenye formalini. Vaa glavu mbili, maana bakteria wa Brucella wapo kwa mamalia wa bahari, na kidole kilichokatwa wakati wa kumshika sili kinaweza kuvimba kwa maambukizi yasiyosikia penisilini. Mwambie daktari umeshika mnyama gani.

Tumboni utakuta vijiwe vya masikio ya samaki na midomo ya ngisi. Urefu wa kijiwe unakupa urefu wa samaki, lakini asidi ya tumbo inakila kijiwe, na samaki wako wanakuwa wadogo kuliko walivyokuwa. Midomo ya ngisi ni migumu na hukaa tumboni muda mrefu, hivyo ngisi huonekana kama chakula kikuu hata pale ambapo si hivyo. Tumbo moja ni mlo wa siku chache. Isotopu za nitrojeni (atomi zake zenye uzito tofauti) kwenye ngozi hukupa picha ndefu zaidi: uwiano wake hupanda kwa takriban sehemu 3 hadi 4 kwa elfu kwa kila ngazi ya mlo. Kwa isotopu za kaboni, toa mafuta kwenye sampuli kwanza, la sivyo mnyama mnene ataonekana kula tofauti na mwembamba.

Na ile data ya kuzama inapowasili, usikimbilie wastani. Kipima kina huteleza, na baada ya wiki kadhaa kinaweza kusema mnyama anapumua kwenye kina cha mita 6. Chora siku moja nzima kwa jicho, sogeza sifuri irudi usoni mwa maji, kisha amua safari inaanzia kina gani. Ukiweka kina hicho pungufu ya mita 3 au 4, mawimbi na makosa ya kifaa huanza kuhesabiwa kama kuzama. Angalia pia kifaa kiliandika kila baada ya sekunde ngapi. Kila sekunde 10 inatosha kwa sili anayekaa chini dakika 15. Kwa mnyama anayezama dakika moja una nukta sita, kilele cha kina kimepita katikati ya mbili kati yake, na muda wa juu ambao utauingiza kwenye hesabu ya sensa unaweza kuwa umekosea kwa theluthi nzima.